Niliyemsalimia Ndani ya Wingu

Haya hayakumpata rafiki wa shemeji yangu, wala sikuyaokota kilabuni. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata togwa. Mashahidi wangu walikuwa wawili: mzungu mmoja mwenye homa, na mama yangu mzazi. Mzungu alirudi kwao na sikusikia habari zake tena. Mama amelala nyuma ya mibuni yake. Nimebaki mimi na mikono yangu hii, nayo bado inatoa ushahidi, kama utakavyosikia. Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa, ukimaliza nikusimulie.

Wakati wa Mwingereza, mimi nilikuwa mtafuta nzige. Usiidharau kazi hiyo. Nzige wekundu walikuwa wakizaliana kwenye mbuga za bonde la Rukwa, kule chini kupita Mbangala, na wakishaota mabawa walipanda huku kwetu Mbozi, wakala mahindi, wakala ulezi, wakakuachia shamba kama kichwa kilichonyolewa. Basi ikaletwa ndege ndogo ya kuwasaka wakiwa bado bondeni. Rubani alikaa kushoto, mtazamaji alikaa kulia, na kazi ya mtazamaji ilikuwa kuangalia chini na kusema: pale majani yamegeuka rangi, pale pana tunutu, nzige wachanga wasio na mabawa, zunguka tena. Nilikuwa na macho makali na sikuwa mtu wa kutapika. Hawakuuliza sifa nyingine.

Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya Simbeye. Alikuwa kijana mrefu wa Tunduma, nusu ya ukoo wake iko ng'ambo ya mpaka, na kila alichosema alikimalizia na "mukwai", lile neno la heshima la Wabemba, hata akiomba chumvi. Nilimfahamu kidogo, tukisalimiana uwanjani. Masika moja, ndege aliyokuwa ndani yake iliingia kwenye wingu juu ya genge la Rukwa, ule ukuta wa mawe na miti unaopanda kutoka bondeni mpaka kwetu juu, na haikutoka. Wanaume waliopanda kuwatafuta walimkuta rubani amekufa na Simbeye amekufa.

Rubani walimbeba kwa machela, akazikwe na wenzake. Simbeye walimzika palepale juu, kwa sababu mito ilikuwa imejaa na ndugu zake walikuwa mbali. Na hapa ndipo usikilize vizuri. Walimkuta ameshika fimbo, ile ya kuendeshea ndege, imevunjika kwenye shina, ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Walijaribu kumfungua vidole, wakashindwa. Mvua ikaanza kunyesha tena. Wakamzika nayo.

Sisi kwetu, mtu huzaliwa amekunja ngumi na huondoka viganja wazi. Kabla maiti hajatoka nyumbani, mama zake, wa kumzaa na wa ukoo, humkalia na kumsemesha, na kumlegeza mikono mpaka ifunguke. Ni kazi ya wanawake, na wanaume hatujui maneno yake. Kule juu ya genge hapakuwa na mwanamke hata mmoja.

Mimi nikaletwa nichukue nafasi yake. Ndege ilikuwa mpya, na rubani mpya. Jina lake halisi lilitushinda ulimi, tukamwita Bwana Kifaranga, kwa sababu ya somo lake la kwanza. Alikuwa mtu mpweke, na safari za bondeni zilikuwa ndefu, na ndani ya ndege ile kulikuwa na fimbo mbili zilizounganishwa chini: moja mbele yake, moja mbele yangu. Hii ikisogea na ile inasogea. Siku moja tukirudi akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Shika. Shika kama kifaranga. Ukibana, anakufa. Ukilegea sana, anakimbia."

Nikashika. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua maana nimemwambia. Wakati huo nani alifikiria kwamba mtoto wa Kinyiha angeshika ndege? Kuanzia siku hiyo nikawa naombea nzige wasiishe, Mungu anisamehe.

Alinifundisha kidogo kidogo. Alisema ndege ina nguvu nne zinazoigombania, na rubani ndiye mwamuzi. Uzito unaivuta chini. Bawa linaibeba juu. Panga la mbele linalozunguka linaivuta mbele. Hewa inaing'ang'ania nyuma. Wakielewana wote wanne, unaweza kunywa chai. Alinifundisha kuruka na kutua ndege ikielekea upepo unakotoka, si unakokwenda, na kwamba hewa ya joto ni nyepesi kama uji wa maji, hivyo ndege iliyoruka vizuri asubuhi itajikokota mchana. Haya yote niliyashika upesi. Jambo la bawa ndilo lililonisumbua. Bawa lenyewe halipigi, limekaa tu kama ubao. Linabebaje?

Nilielewa siku nilipochukua ungo wa mama. Ulikuwa wakati wa kipupwe, upepo unavuma uani kwetu, si mbali na Mlowo. Nikaushika ungo umelala, upepo ukapita. Nikainua ukingo wa mbele kidogo, ungo ukawa mwepesi, ukataka kuondoka mikononi. Nikainua zaidi, ukavuta zaidi. Nikainua kupita kiasi, na hapo ukatetemeka, ukafa mikononi, ukanirudi kifuani. Niliporudi uwanjani nikamweleza Bwana Kifaranga, akafurahi sana.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Mtu akiona mlima, anavuta fimbo, pua inapanda. Ni sawa, kama una mwendo. Huna mwendo, umeinua ungo sana. Bawa linaacha kubeba. Sasa mtu anaogopa, anavuta tena."

"Simbeye alivuta?" nilimuuliza.

Akageukia genge, akasema, "Kila mtu anavuta."

Halafu akanipa mambo ya kukumbuka siku nitakapopotea. Ndani ya wingu makalio hudanganya, amini mishale ya vyombo na kile kigololi kwenye mrija kinachoonyesha ukilala upande. Sikiliza upepo kwenye vioo, maana ukinyamaza mwendo umekwisha. Na ikishindikana kabisa, iachie. Ndege iliyosawazishwa vizuri inataka kuruka kuliko wewe unavyotaka. Nilicheka. Nani angeachia fimbo angani?

Na mama, unauliza, alisema nini kuhusu ungo wake? Alisema, "Ukimaliza kucheza unirudishie, nina ulezi wa kupepeta." Hakuwa mtu wa kustaajabia vitu. Kwake mimi nilikuwa mtoto aliyepata kazi ya ajabu, na cha muhimu ni kwamba nikirudi nyumbani nikute moto unawaka, nimsalimie inavyopasa, nile.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa mvua, kahawa ikiwa imechanua. Asubuhi nilimwona Bwana Kifaranga macho mekundu, anakunywa maji kama ng'ombe. Nikamwambia apumzike. Akasema nzige hawapumziki. Tukashuka bondeni, tukazunguka mbuga mpaka jua likawa kali, na tulipogeuza kurudi hewa ilikuwa ule uji wa maji niliokueleza. Ndege ilipanda kwa uvivu, kama punda anayejua mzigo si wake.

Juu ya genge kulikuwa na wingu limekaa. Si wingu la kutisha, lilikuwa jeupe na laini. Siku nyingine angelizunguka. Siku hiyo aliliangalia kama mtu asiyeona, akasema tutapita juu yake. Kisha homa ikampanda ghafla. Meno yakaanza kugongana, magoti yakacheza, akaacha fimbo na kuingiza mikono yote miwili kwapani.

"Shika," alisema. "Kusini. Panda polepole. Nitapata nafuu."

Nikashika. Uhai wetu wawili ukawa mikononi mwa mtu aliyejifunza bawa kwa ungo. Nilitaka kugeuza nirudi bondeni, lakini nilikuwa bado nawaza nigeuzie upande gani wingu lilipofika. Naapa hatukuliingia sisi, lenyewe ndilo lililokuja.

Sijui nikuelezeje weupe wa ndani ya wingu. Ukungu wa asubuhi kijijini una miti, una mtu anakohoa upande wa pili, una ardhi chini ya miguu. Ule hauna kitu. Hauna juu, hauna chini, hauna kivuli. Na usifikiri niliogopa. Mwanzoni ulikuwa mtamu. Nilijisikia kama mtoto aliyebebwa mgongoni na kufunikwa kanga mpaka kichwani, haoni njia ila anajua anapelekwa. Ningeweza kulala. Nadhani kidogo nililala, macho wazi.

Kilichoniamsha ni kukumbuka genge. Mahali fulani mbele yangu, ndani ya weupe uleule, kulikuwa na mawe. Nikavuta fimbo kidogo, pua ipande. Fimbo ikaja. Kisha ikaendelea kuja, zaidi ya nilivyoivuta.

Nikamtazama Bwana Kifaranga. Mikono yake ilikuwa kwapani. Nikajaribu kuirudisha fimbo mbele, ikakataa. Ilikuwa na joto, lile joto la mpini wa jembe ukiupokea kwa mtu ambaye ametoka kulima muda huohuo. Nikataka kuiachia, vidole vikakataa pia. Vilikuwa vimefungwa na kitu kutoka juu, kitu kilichobana kwa bidii, bila hasira. Fimbo ikazidi kuja kifuani kwangu. Sasa niambie, wewe mwenye kucheka, ungefanya nini?

Mshale wa mwendo ulikuwa unashuka. Kigololi kilikuwa kimekimbilia pembeni mwa mrija na kukaa huko. Vyombo vyote vilisema tumelala upande na tunakufa, na mwili wangu ulisema tumekaa sawa kama watu walio kanisani. Halafu upepo kwenye vioo ukaanza kupungua. Ukapungua taratibu, kama watu wanaoondoka msibani mmoja mmoja, mpaka ukanyamaza. Hata injini nikawa naisikia kwa mbali, kama ni ya mtu mwingine.

Katika kimya hicho nikasikia ungo.

Niamini. Sauti ya ungo ukipepetwa huwezi kuichanganya na nyingine ukiwa umelelewa nayo. Ilitoka kulia kwangu, nje ya kioo. Nikageuza kichwa, na pale palipotakiwa kuwa na bawa na weupe, palikuwa na ua wetu. Jiwe la kusagia lilikuwepo. Kuku mweupe alikuwepo. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, moshi unatoka. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anapepeta ulezi, na makapi yakipeperuka yalikwenda kuwa wingu.

Jambo moja tu halikuwa sawa. Ua wote ulikuwa umeinama, jiwe na kuku na mlango, kama ua uliojengwa kwenye mteremko mkali. Nikamhurumia mama kwamba ulezi wake utamwagika. Haukumwagika. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba ua ulikuwa sawa, na aliyeinama ni mimi.

Mama akaacha kupepeta. Akaweka ungo chini, akanitazama.

Hakuniita. Angeniita nisingeitika, maana nimefundwa tangu utotoni kutoitikia sauti nisiyojua inakotoka. Hakutabasamu, hakunionyesha kitu. Alinitazama tu vile mama anavyomtazama mtoto aliyeingia uani, akasimama na vitu mikononi, akanyamaza. Alikuwa anangoja kusalimiwa.

Wewe wa mjini huenda hujui. Kwetu mtoto hasimami mbele ya mama yake na mikono iliyojaa. Ukiwa na kuni, unazitua. Ukiwa na ndoo kichwani, unaomba utuliwe. Unakunja magoti, unakunja viganja, unapiga makofi yale ya taratibu yenye sauti nzito, unainamisha kichwa na kungoja. Hakuna mzigo mkubwa kuliko salamu hiyo. Mtu anayempita mama yake na mzigo wake mikononi, hata kama anakimbilia wapi, wazee humwambia amekwisha kufa na bado hajaambiwa.

Nikaona aibu. Sikuona hofu, niliona aibu, uso ukaniwaka. Nimesimama mbele ya mama nimeshika lidude, sijamsalimia.

Vidole vikafunguka. Sikuvifungua kwa nguvu, nguvu nilikwisha kuitumia yote. Vilifunguka kwa aibu, kimoja baada ya kingine, na kile kilichovibana kikateleza juu yake kama hakikutegemea. Nikakunja magoti nilivyoweza kwenye kiti kile, miguu yangu ikatoka kwenye pedali. Nikakunja viganja, nikampigia mama makofi. Pu, pu, pu. Nikainamisha kichwa.

Pua ya ndege ikaanguka. Tumbo langu likabaki juu peke yake. Nikasikia upepo unarudi, kwanza kama ungo, kisha kama mvua kwenye bati, kisha ukawa kelele. Nilipoinua macho, ua ulikuwa unajinyoosha polepole, jiwe, kuku, mlango, mpaka ukawa sawa kabisa na bawa letu. Mama alikuwa amekwisha kuchukua ungo wake. Makapi yakapeperuka, wingu likajifunga.

Tukatoka chini ya wingu mahali ambapo mibuni ilikuwa imechanua nyeupe shamba baada ya shamba, barabara ya Mlowo iko kulia, na lori moja linakwenda zake bila kujua lolote. Genge lilikuwa nyuma yetu. Tulilipitaje, mimi sijui. Nikashika fimbo kwa vidole viwili. Ilikuwa ya baridi, na nyepesi, kama kifaranga.

Bwana Kifaranga alizinduka akiwa amelowa jasho. Akatutua mwenyewe, kwa kudunda, bawa moja nusura lichune nyasi. Hakuwa na nguvu ya kutembea, akakaa chini ya bawa, nikampa maji. Alikunywa, akanitazama mikono.

"Uliiachia," alisema.

"Niliiachia, Bwana."

"Umefanya vizuri. Lakini kwa nini ulivuta vile? Mimi nilisukuma kwa magoti. Nilisukuma sana. Fimbo ilikuwa na nguvu ya watu wawili."

Nikamwongezea maji. Wakamchukua kwenda kutibiwa, mimi nikashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Nilimkuta mama uani, kwenye mkeka, ungo ubavuni, ulezi umekwisha kupepetwa. Alikuwa mzima. Nakuambia hili kwa sababu najua unachofikiri, kwamba nilimkuta amekufa. Hapana, aliishi miaka mingi baada ya hapo na alinigombeza yote. Nikakunja magoti, nikapiga makofi. Akaitikia, kisha akasema kwa utulivu tu, "Leo umenisalimia mara mbili."

Nikaketi pembeni mwa mkeka.

"Usingizi ulinipitia hapa hapa," alisema. "Nikakuona umeingia uani na mikono imejaa, hunisalimii. Nikasema moyoni, huyu mtoto kazi ya wazungu imemharibu. Nikangoja. Halafu nikaona si kosa lako. Kulikuwa na mtu nyuma yako, mikono yake juu ya mikono yako. Kijana mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa hawezi kuachia."

"Alikuwa anataka kuniua, mama?"

"Hapana," alisema. "Alikuwa anakusaidia. Yule bado anaona mlima mbele yake. Hajui kama amefika."

Nililia. Sioni haya kukuambia. Nililia kwa ajili ya Simbeye, niliyekuwa nimekaa kwenye kazi yake miezi yote hiyo nikifurahi. Nikamweleza mama walivyomkuta na walivyomzika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: nani alimfungua viganja? Nikamwambia walikuwa wanaume watupu. Akasema, "Basi," akaingia jikoni.

Siku ya kwanza ambayo mvua haikunyesha tulikwenda, yeye na mimi. Mzee wa kanisa tulikutana naye njiani, akauliza safari ya wapi. Mama akamjibu kwamba tunakwenda kumsalimia mtoto wa watu. Ni mwendo mrefu kufika ukingoni mwa genge, na mama hakuwa msichana, lakini hakuomba kupumzika.

Kaburi lilikuwa rundo la mawe kwenye majani, bonde lote liko chini yake, bluu, halina mwisho. Nilidhani tutafukua. Nilikuwa nimebeba jembe kwa ajili hiyo. Mama akaniambia niliweke chini. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena: yeye, mama mtu mzima, alipiga magoti mbele ya kijana, akakunja viganja, akaanza kupiga makofi yeye kwanza. Alipiga taratibu, akiacha nafasi, kama mtu mwenye siku nzima.

"Mwanangu," alisema. "Umefika. Mlima umekwisha, uko huku nyuma yako. Wenzako wote wamefika. Achia, mukwai."

Lile neno alilitoa wapi, sikumuuliza. Labda sokoni Tunduma, alikokuwa akipeleka maharage. Alilisema vizuri, kama mtu wa kwao. Kisha akanyamaza, akangoja. Usitegemee nikuambie kwamba ardhi ilitikisika au mawe yalisogea. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni, kama unavyopanda kila mchana pale, na majani yalikuwa yanainama na kuinuka. Baada ya muda mama akaitikia, ile sauti ya chini ya kuitikia salamu ya mtoto, kana kwamba amesalimiwa. Akanyanyuka, akafuta magoti, tukarudi nyumbani.

Niliruka tena na tena mpaka nzige walipopungua na ndege ikaondolewa. Urubani sikuupata, haukuwa wa watu kama sisi siku zile, na hilo bado linaniuma kidogo. Lakini fimbo haikunivuta tena hata mara moja. Niliingia kwenye mawingu mengine, na yalikuwa mawingu tu.

Kwa hiyo nakuonya, na uwaonye wanao. Usimzike mtu na mpini mkononi, hata mvua inyeshe vipi, atabaki kazini. Na wewe uliye hai, ukijikuta ndani ya weupe hujui juu wala chini, na hofu inakuambia vuta, usivute. Achia. Msalimie mama yako.

Mikono yangu, nilikuahidi. Miezi ya ukungu, kama huu, huwa inajifunga nikiwa usingizini. Inakuja kifuani, imeshika kitu ambacho hakipo, na haifunguki kwa nguvu, wanangu wamejaribu. Kama ni Simbeye anayepita kusalimia, au ni nyama yangu tu inayokumbuka, sijui. Mke wangu anajua dawa yake, miaka yote hii. Ila amezeeka, masikio yamekuwa mazito, siku hizi anachelewa kuamka. Na wewe utalala chumba cha pili hapo, ukungu nao umekwisha kushuka. Ukisikia ninahema kama mtu anayevuta gogo, ingia. Usinishike vidole. Kunja magoti, nipigie makofi taratibu, kisha ngoja.